Uzi wa Mkono wa Kushoto

Mabukwe,

Naandika kwa mkono wa kushoto, mama mkwe wangu, kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko. Wewe ndiwe uliyeniambia, siku ile ya kwanza uliyonifundisha kusokota, kwamba mkono wangu wa kulia una kiburi. Sasa kiburi chake kimekwisha.

Pamba ya nyuma ya jiko imepasuka yote na hakuna wa kuichuma ila mimi. Kijiti chako cha kusokotea kilibaki kimechomekwa kwenye nyasi za paa, pale pale ulipokiacha asubuhi ile ulipoondoka na mfuko wa soksi kwenda Mpanda. Hukufika. Walikukata mapanga porini kwa ajili ya mfuko wa soksi. Mimi ndiye niliyekuosha, Mabukwe. Kila jeraha nililoosha nilimlaani aliyelitia. Waliokuja msibani walisema Mungu atalipa. Mimi sikutaka kumsubiri.

Mwanao Gaspari hakulia. Alinoa panga. Kila jioni alikaa kizingitini akinoa, mpaka watoto wakaizoea ile sauti wakawa wanasinzia nayo. Nami, mke wake, badala ya kumzuia nilimletea maji ya kunolea.

Unakumbuka nilivyokuja kwako kutoka Litapunga sijui hata kushika pamba? Kwetu uzi tulinunua dukani. Ulinikalisha mkekani, wewe unasokota kwa kushoto, mimi kwa kulia, kwa hiyo uzi wako ukajisokota upande wake na wangu upande wake. Kila nilipouviringisha wako kwa vidole vyangu ulifumuka, wangu ukakaza. Ukanishika mkono: "Mukazana wanje, mke wa mwanangu, usiulazimishe. Sikiliza unakotaka kwenda." Halafu jozi yangu ya kwanza, ile niliyoifuma kwa spoki za baiskeli ya Gaspari, kisigino kikakaa upande. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Atakayevaa hizi atatembea kinyumenyume." Nilikasirika, nikazitoa kwa muuza dagaa aliyekuwa anapita, akanipa bakuli moja. Nikazisahau kabisa.

Lakini nilikuwa nimeziwekea mstari wako. Ule mwekundu wa maji ya magome, juu ya kifundo, ambao Katumba nzima waliujua kuwa ni wa Mama Gaspari.

Kwenye baridi hii ya Juni kijana mmoja muuza dagaa alivua buti zake za mpira kwenye kibanda cha chai, akanyoosha miguu juani. Mtu akauona mstari. "Hizo si soksi za Mama Gaspari?" Hakuna aliyeuliza swali la pili. Waliponiita nilikuwa nafuma, nikakimbia na spoki mkononi. Nilimkuta chini, meno yametoka, sikio limechanika, na mtu ameshatumwa kuleta mafuta ya taa. Gaspari alikuwa amesimama juu yake na lile panga. Akaniambia, "Wewe na Mama ndio mliokuwa mkizifuma hizi. Sema ni za Mama, tumalize."

Nilifurahi. Sikufichi kitu wewe. Nilimkanyaga kifuani, nikamwekea ncha ya spoki chini ya jicho, nikamwambia anitazame. Akaanza kumwita mama yake. Nikamjibu kwamba na wewe porini uliita watu, hawakuja. Nilitaka afe polepole, nami nione.

Nikamvua soksi moja kwa nguvu, nije niifukie kaburini kwako. Uzi ulikuwa umechomoka kisiginoni. Vidole vikauviringisha, mazoea tu. Ukakaza. Nikauviringisha tena, ukazidi kukaza. Nikageuza kisigino. Kilikuwa kimekaa upande.

Nilipiga kelele kwamba ni zangu, nimezifuma mimi, lakini nani anasikia? Panga lilikuwa limeshainuka. Nikamlalia yule kijana, nikanyoosha mkono wa kulia. Vidole vitatu vilibaki mavumbini karibu na buti zake. Ndipo wakarudi nyuma. Aliyeleta mafuta ya taa akaweka kibuyu chini, akaondoka. Gaspari akakaa pale pale chini, ndipo akalia, kilio cha msiba wako na changu pamoja.

Kijana alipona. Ndugu zake walikuja kumchukua, anachechemea. Gaspari panga amelitupa chooni. Ananimenyea mihogo, ananifungia kitenge, usoni hanitazami. Sijamsamehe, naye hajaomba. Na waliokuua hawajapatikana. Nawachukia, Mabukwe. Naamka nawachukia, nalala nawachukia.

Juzi nilikitoa kijiti chako kwenye paa. Pamba nimeishikilia kwa vidole viwili vilivyobaki, kijiti nikakizungusha kwa kushoto. Ulikuwa uzi wa aibu, mnene hapa, mwembamba pale. Nikaukata, nikauviringisha kama siku zote. Ukafumuka. Umekuwa wako kabisa.

Nililia sana, maana nilielewa. Kuanzia sasa uzi wetu unakwenda upande mmoja, hata nikizikuta soksi zako zenyewe mguuni mwa aliyekuua, vidole vyangu havitaweza kusema ni zako au ni zangu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumkamatia, nacho kimekatwa na panga la mwanao. Inaniuma kuliko mkono.

Basi lala, Mama. Nakuahidi nitasokota kwa mkono huu na mstari mwekundu nitautia. Nitaanza na yule kijana, alikwenda kwao na soksi moja. Kisha nitawafumia wa Katumba, wa Litapunga, wa Inyonga, yeyote mwenye miguu, mpaka mstari wako uwe wa kila mtu na asipatikane tena wa kuchomwa moto kwa ajili yake. Aliyekuua naye akija kuchukua jozi, sitamjua, nitampa. Nisaidie tu mkono usitetemeke.

Mukazana wako, wa kisigino cha upande.