Nyumba Iliyojengwa na Divai

Jumamosi, 7 Machi

Nimeanika omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, nimerudi ndani kabla kipindi cha mwanangu Adhiambo hakijaanza. Redio nimeiweka dirishani, sauti juu kabisa. Si kwamba sisikii. Wanaopita kwenda soko la Kombewa nao wasikie. Mtoto wangu anaongea, nimfiche kwa nini?

Leo kimekwenda vizuri. Kwanza neno la Mungu, na ni Pasta wetu mwenyewe. Huwa anaenda mjini katikati ya wiki wanamrekodi. Mimi ndiye nilimwombea nafasi kwa Adhiambo, asisahau. Kisha fundi akaeleza kwa nini kuta za nyumba za kupanga zinatoa jasho. Mwisho Adhiambo na divai yake ya mananasi. Osha mtungi na maji moto. Usijaze mpaka juu. Funika, lakini acha pumzi itoke. Anaeleza taratibu kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Hata mimi, ambaye divai sijawahi kuweka mdomoni, nikaona ningeweza.

Mimi niliachia darasa la saba. Yeye akiongea, watu wanapiga simu kutoka Port Victoria. Asante Mungu.

Mgongo unauma. Omena ya leo mchanga mtupu.

Jumapili, 8 Machi

Imetangazwa kanisani mbele ya watu wote. Nyumba yangu mpya itafunguliwa kwa maombi tarehe 21, mchana. Pasta atakuja mwenyewe. Kama mwenyekiti wa akina mama nikasimama nikapunga mkono. Makofi yalikuwa mengi.

Kurudi nikamkuta shemeji Okumu, mdogo wa marehemu mume wangu, akizunguka nyumba na kugonga kuta kama mnunuzi. Kama kawaida akaniita binti wa Asembo, nilikozaliwa: "Nyar Asembo, nyumba ya mjane haifunguliwi na Biblia. Mwanaume wa boma awashe moto kwanza." Nikamwambia mimi niliokoka yeye akiwa bado hana ndevu. Akacheka. "Haya. Wakikuangusha, uko na mimi."

Mwanaume huyu moto wa kwake mwenyewe anawashiwa na mke.

Jumatano, 11 Machi

Mkutano wa akina mama umefanyika kwangu. Nikawatembeza nyumba mpya. Sakafu inateleza kama sahani. Nikawaambia mshahara wa redio ni mdogo, unaishia kwa nauli na kodi ya chumba, haya matofali yote ni divai ya Adhiambo. Kila chupa aliyouza, matofali. Nilisema kwa sauti. Nilikuwa na furaha.

Mama Beril akauliza, "Ni divai ya meza ya Bwana, ama ile ya kuimba barabarani?" Wakacheka. Nikacheka pia.

Sasa nimekaa hapa, kicheko kile hakinipendezi tena.

Jumapili, 15 Machi

Pasta ameniita baada ya ibada. Wazee wawili kando yake, wanaangalia viatu vyao. Amesema hawezi kuombea kuta zilizojengwa na pombe. Waumini wamelalamika. Atakuja tu kama Adhiambo atasema kwa redio, kwa mdomo wake, kwamba ameacha kutengeneza divai na hatafundisha watu tena.

Nikasema, lakini Pasta, wewe unaongea kwa kipindi hicho hicho. Akajibu, "Mimi napeleka nuru gizani, Mama."

Jibu limenijia nikiwa nimefika kisimani. Nimelisema peke yangu, likasikika vizuri sana.

Jumanne, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nyumba ya zamani inavuja upande wa kitanda, na upande wa jiko, na sasa mlangoni. Nyumba mpya iko hapo mbele yangu, mabati yanang'aa, kufuli mlangoni. Ufunguo ninao shingoni. Siingii.

Okumu amepita na mwavuli. "Mungu wako amekwama matope wapi?" Amerudia habari ya moto. Nimekataa. Nikiruhusu hilo, kesho atauliza chakula, kesho kutwa atauliza kitanda. Najua hiyo mila inakoishia.

Mila sitaki. Kanisa hawanitaki. Aol, ndivyo tunavyosema, nimechoka. Sina neno lingine.

Jioni nimempigia Adhiambo, nimemwambia yote. Ameuliza mara mbili kama ni lazima iwe kwa redio. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Jumamosi nitatangaza nimeacha." Nikafurahi. Nikampigia Pasta hapo hapo.

Alhamisi, 19 Machi

Nimeenda Kisumu kumpelekea Adhiambo mboga. Mboga ilikuwa sababu tu. Nilitaka kumwona uso.

Chumba chake nusu ni kitanda, nusu ni mitungi. Ameshaosha mingine, ameiinamisha. Mingine bado inafanya kazi. Nikauliza inafanyaje kazi na imekaa tu. Akasema, "Weka sikio, Mama." Nikaweka. Ndani kuna sauti ndogo, kama watoto wanaonong'ona mwalimu akitoka darasani. Akaniambia mtungi wa kwanza aliotengeneza uligeuka siki. Wa pili ulilipuka ukapaka dari, mwenye nyumba akataka kumfukuza. Alijifunza kwa kuharibu. Hakuna aliyemfundisha. Anajua kwa harufu tu ni siku gani ya kuchuja. Hayo yote nilikuwa sijui. Mimi, ninayemsifu kila soko.

Nikauliza hii inayonong'ona utaifanya nini. "Nitamwaga kesho kutwa, nikitoka kazini." Hakulia. Aliendelea kukata mboga, nyembamba, nyembamba sana.

Nimerudi nyumbani. Chakula sikutaka.

Jumamosi, 21 Machi

Wamefika mapema. Akina mama na sufuria zao, wazee, Pasta na suti ya kahawia. Redio nimeitoa nje nikaiweka juu ya kiti. Makubaliano: tusikilize kwanza, kisha maombi.

Neno la Mungu likaanza. Pasta akasikiliza sauti yake mwenyewe, macho amefumba, akajiitikia amina. Kisha fundi na habari ya mabomba. Kisha mtoto wangu. "Wasikilizaji, leo nina neno moja kuhusu divai." Sauti yake haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la kifo.

Sijui ni nani aliniinua. Nilijikuta nyuma ya nyumba na simu. Nambari ya wasikilizaji naijua kwa kichwa. Nilikuwa sijawahi kuipiga, nikiogopa nitaongea Kiswahili kibaya nimwaibishe. Wakapokea. Wakaniunganisha.

Akasema, "Nani mwenzetu?" Nikasema ni Mama Adhiambo kutoka Seme. Nikasikia sauti yangu kutoka kwa kiti kule mbele, kubwa, na watu wakisema ee!

"Mama, punguza redio yako, sauti inajirudia." Nikapiga kelele mtu apunguze. Nani apunguze? Wote walikuwa wameinama juu yake kama kuku kwa mtama.

Basi nikaongea hivyo hivyo, kila neno nikilisikia mara mbili. Nikasema, Adhiambo, nyathina, mtoto wangu, hilo neno ulilotaka kusema, liache. Mimi nilitaka kujua habari ya maembe. Mwaka huu yamekuwa mengi, yanaoza. Yanatoa divai ama hayatoi?

Nikasikia karatasi ikikunjwa. Kisha, "Mama, una hakika?" Nikasema nina hakika. Nikauliza, yawe yameiva sana ama yawe bado magumu? Akacheka, na kamasi ndani ya kicheko, nilisikia. Akasema, "Yaive mpaka yanukie, Mama. Lakini yasiwe yamelainika sana." Akaendelea. Akaendelea mpaka mwisho, sauti yake imerudi.

Nilipotoka nyuma ya nyumba Pasta alikuwa amesimama, Biblia kwapani. Akasema, "Umechagua, Mama." Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia lile jibu la kisimani: kama kipindi ni kichafu, sauti yako inafanya nini ndani yake? Halikutoka vizuri kama siku ile.

Wakaondoka. Wamebeba sufuria. Wamebeba na mandazi, ambayo unga ulikuwa wangu.

Jumapili, 22 Machi

Nimeenda ibada. Wengi walifikiri sitaenda. Kabla ya wimbo wa kwanza mzee mmoja alikuja kuchukua ufunguo wa stoo ya akina mama na kile kitambaa cha begani cha mwenyekiti. Nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi. Mama Beril amekivaa. Kinamfika magotini.

Nimekaa benchi la nyuma na wanaonyonyesha. Inaniuma. Sitajidanganya. Kazi ile niliipenda, na niliifanya vizuri kuliko yeyote.

Nimeimba hata hivyo. Sauti ya pili. Hiyo hawawezi kuichukua.

Adhiambo amepiga. Ameuliza kama najuta. Nimemwambia asiniulize mambo ya kijinga, na kwamba Jumamosi aliongea haraka kidogo kwa sehemu ya sukari.

Alhamisi, 26 Machi

Nimehamia.

Asubuhi Okumu alikuja na kiberiti mfukoni, nilikiona. Nikamwambia kama amekuja kusaidia, ashike kitanda upande wa kichwa. Akanitazama sana. "Nyar Asembo, wewe mwanamke ni jiwe." Akashika. Tulipokiingiza akaniachia chumba, akatoka, akakaa kwa kizingiti akipumua. Nimempa chai. Hatukuongea habari ya moto. Moto niliwasha mwenyewe.

Alipoondoka nikasimama katikati ya sebule kuomba. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya mwenyekiti. Hayakuja. Nikasema, Mungu, hii ndiyo nyumba. Aliijenga mtoto. Mimi ni huyu. Basi.

Kisha nikajilaza kidogo ninyooshe mgongo. Mchana, mlango wazi, vyombo bado kwa karai. Nikalala. Tangu nizae sijawahi kulala mchana. Nimeamka jua limeshuka upande wa ziwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita.