Seifu Alikuja Kuwatazama Zaire

Nyuma ya stesheni, Kezira,
Dire Dawa.
15 Machi 1976

Mpendwa Kaka Wondafrash,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Shitaye na watoto. Hamjambo huko Djibouti? Mgongo wako je, umekuachilia? Na hilo joto, maana hapa tu tunachemka, sijui nyinyi mnalivumiliaje. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Miguu yangu huvimba jioni, lakini asubuhi inapungua, basi na hiyo naiita afya.

Nisamehe kwa kukawia kuandika. Tangu mashindano ya Kombe la Mataifa yaanze sijapata kukaa chini. Hoteli ninayofulia ilijaa mpaka varandani: waandishi wa magazeti, watu wa redio, wakubwa wa vyama vya mpira na wake zao. Mashuka themanini kwa siku, kaka, na wafuaji tuko watatu. Mwenye hoteli akipita husema, "Askale, Afrika nzima inakutazama!" Siku moja nilimjibu, "Basi ishuke inisaidie kukamua."

Na Kwaresima nayo ikaangukia humohumo. Nyama hakuna, siagi hakuna, tunafua kwa nguvu ya shiro kavu ya unga wa dengu.

Timu yetu wenyewe hatukuiona kwa macho. Wao walicheza Addis Ababa, sisi huku tukaletewa Morocco, Nigeria, Sudan na Zaire. Tuliisikia redioni tu, ikafungwa na Guinea, ikatoka sare na Misri, ikaaga. Mama Halimo, jirani yangu, alizima redio akaifunika kwa kitambaa kama anafunika maiti. "Harusi tumeandaa sisi," akasema, "na bwana harusi ndiye katolewa nje."

Sasa nije kwenye habari unayoingoja.

Unakumbuka tulivyopanga. Mashindano yakiisha na wageni wakianza kuondoka, treni zingejaa, na katika msongamano huo Bwana Robleh angempitisha mwanangu Seifu mpakani kwa siri mpaka kwako. Robleh alifanya kazi ya treni njia moja na marehemu mume wangu miaka kumi na moja, nisingemwamini mwingine. Kilichobaki ni kumpata mwanangu. Tangu achukuliwe kwenye kampeni ya vijana ya kufundisha vijijini, kule juu milima ya Gara Muleta, mwezi wa kumi na nne huu sijamwona. Barua zilikuja mbili.

Lakini nilijua atakuja. Zaire walipochukua kombe miaka miwili iliyopita, Seifu aliandika majina ya wachezaji wao wote kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na sijayafuta. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuisikia Zaire iko Dire Dawa akakaa mlimani. Basi kila siku ya mechi yao nikimaliza kukamua, nilikwenda kusimama langoni pa uwanja nikitazama nyuso. Mechi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Mabingwa wale walipigwa mara mbili, na mara mbili mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya tatu nikasikia nyuma yangu, "Mama, mbona umesimama juani kama askari?"

Kaka, sikumtambua. Amekonda, ana masharubu, miguuni kavaa makubazi ya tairi, ananuka moshi. Nilimpiga kofi la bega kwanza, ndipo nikamkumbatia.

Tuliingia pamoja. Alikuwa na mkoba mdogo ameubana katikati ya miguu. Akaniambia amepewa ruhusa ya siku tatu kuja kuchukua dawa ya malaria. Mwenzake aitwaye Lemma yuko hoi kwa homa huko kijijini. Dawa ameshaipata, na imebahatika kuwa siku ya mechi.

Nikamweleza mpango wetu palepale, kwa sauti ya chini, Zaire wakicheza na Sudan.

"Mjomba wako ameshaongea na Robleh. Ni Alhamisi ile mashindano yakishaisha."

"Mama, ngoja kona hii ipigwe."

Kona ikapigwa, ikapotea. Nikarudia. Akasema, "Nikienda Djibouti, dawa atapeleka nani?"

"Atapeleka mwingine. Nchi hii haina watu?"

"Kule tuko wanne, Mama. Lemma kalala. Tunabaki watatu, na mmoja ndiye mimi."

"Na nyumbani kwangu je, tuko wangapi?"

Akaubana mkoba zaidi. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Mama, mwache kijana atazame mpira, mengine utamsema nyumbani!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, ili nisilie mbele yao.

Walitoka sare, na wote wawili walikuwa wameshatoka mashindanoni. Hata hivyo wale Wazaire walikimbia mpaka filimbi ya mwisho, jezi zimewagandia migongoni. Mtu akawapigia kelele, "Nendeni kwenu, mabingwa wa jana!" Seifu akasimama akawapigia makofi peke yake. Kisha akaketi, akaniuliza kama nyumbani kuna injera.

Alikula sahani tatu. Akalala kabla jua halijazama vizuri.

Sasa nakuambia jambo ninaloliona haya. Asubuhi alipokuwa anaoga niliuchukua ule mkoba wa dawa, nikaupeleka hotelini, nikauficha chini ya rundo la mashuka machafu. Nikajiambia, asipokuwa na dawa hana cha kumrudisha. Niliporudi alikuwa anautafuta. Alipindua kitanda, alipindua mapipa. Kisha akaniangalia mikono, ikiwa bado imelowa maji ya sabuni ya hotelini, akaacha kutafuta. Akaketi mlangoni.

"Mama," akasema, "Lemma naye ana mama yake."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, kaka, ningefoka naye. Nilisimama pale nikijifanya napepeta dengu. Sijui nilipepeta muda gani. Halafu nikajifunga shuka langu, nikarudi hotelini, nikafukua yale mashuka kwa mikono yangu hii, nikamletea.

Lori la Gara Muleta liliondoka sokoni Megala saa nne. Alipanda juu ya magunia ya chumvi, mkoba kauvaa shingoni. Aliniambia tu, "Miguu hiyo ipumzishe," lori likaenda.

Sijapata habari kama Lemma alipona. Hata sura yake siijui, lakini kila asubuhi namtaja kanisani pamoja na wangu.

Jana ilikuwa siku ya mwisho huko Addis Ababa. Morocco wametoka sare na Guinea, na sare hiyo imewapa kombe. Mimi nilisinzia kwa Mama Halimo kabla haijaisha, wakaniamsha kunipa kahawa. Wageni wanaondoka. Leo nimefua mashuka ishirini tu.

Barua hii anakuletea Robleh kesho. Basi Alhamisi usiende stesheni, kaka, usisimame bure juani kama nilivyosimama mimi. Usimlaumu Robleh, wala usimlaumu kijana. Ukitaka kulaumu, nilaumu mimi niliyeufukua ule mkoba, ingawa hata leo ningeufukua. Na kitanda mlichomtandikia, mwambie wifi asikitandue.

Nisalimie Tsige na mdogo wake, na shangazi Worknesh kama bado anakuja kwenu Jumapili. Mama Halimo naye anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mwema, na pale nilipokosea anisamehe.

Ni mimi dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja,
Askale