Sasa Tuko Wawili

Omari rafiki yangu,

Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha kigoda chako cha dukani, kilichotokea Jumanne hapa Migori baada ya kuugua mguu mmoja kwa muda mrefu. Kimeniacha mimi sakafuni, maana ndimi niliyekuwa nimekikalia. Wateja waligeuka kutazama vitambaa. Mwanao Salim akatazama simu. Kila mtu aliona haya kwa niaba yangu, nikainuka peke yangu.

Wewe ungeketi hapo chini kando yangu, uniulize habari za kwetu Rusinga.

Unakumbuka nilivyokujia mara ya kwanza? Nilikuwa nimetoka mgodini Osiri, tope hadi magotini, nataka kitambaa cha suruali, na duka lako limepigwa deki linang'aa. Nikaganda mlangoni. Ulinitazama, ukavua viatu, ukatoka nje ukakanyaga dimbwi kwa miguu yote miwili. "Sasa tuko wawili, omera," ukasema, ukiniita ndugu kwa Kijaluo. "Ingia." Tukachafua sakafu pamoja, na mkeo akatugombeza pamoja.

Baadaye ukanipa maneno. Kubabaika, kutahayari. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Ukanieleza kwamba anayebabaika bado anautafuta mlango. Aliyetahayari anauona, ila hawezi kuuendea. Nami nikakupa wichkuot, aibu ya Kijaluo, kichwa kuvimba, ukaitumia vibaya kwa miaka kumi na tano.

Sasa nikueleze siku ile, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Salim alinipigia alfajiri nikiwa Rusinga, kuniambia umefariki. Nilijua nyinyi Waislamu hamkai na maiti. Lakini mimi ni Mjaluo, Omari. Kwetu mtu akifa leo, wiki mbili baadaye bado tunabishana kuhusu hema. Haraka kwangu ni kesho. Kwa hiyo nikapitia Homa Bay, nikachapishiwa hotuba, kurasa tatu. Nikangoja picha yako ikuzwe na kutiwa fremu. Nikanunua shada. Katika hotuba niliandika lile ambalo sikuwahi kukwambia: kwamba ile suruali ilikuwa ya kumzikia kaka yangu, aliyefukiwa shimoni wiki hiyo, na kwamba tangu tumtoe, wewe ndiwe mtu wa kwanza kusimama nami.

Miaka kumi na tano, na sikusema. Nilikuwa nangoja siku yenye maikrofoni.

Nilifika saa kumi. Ulikuwa umezikwa tangu adhuhuri. Nikasimama langoni kwako na uso wako mkubwa kwapani, maua ya plastiki mkononi, wanaume wamekaa mkekani wanasoma Kurani. Walinikaribisha vizuri, nisiwasingizie. Salim aliipokea picha, akaigeuza ielekee ukuta, taratibu sana. Shada hakuna aliyejua liwekwe wapi, nikalishika mpaka magharibi. Hakuna aliyeniuliza kama nina la kusema. Wala sikubabaika. Mlango nilikuwa nauona.

Tangu hapo sijui kuingia mahali. Harusini nakaa nyuma. Kanisani nasimama nje, nasema ni joto. Watu wananiambia pole kisha wanatazama saa, nami nawaambia asante, na hapo tumemaliza, kila mmoja anarudi kwake. Nilifikiri nimepoteza rafiki. Kumbe nimepoteza na ile njia ya kuwafikia watu wengine, na umri huu sioni nitapata wapi nyingine.

Basi lala, Omari. Udongo usikulemee. Naahidi hili moja: nikimwona mtu ameganda mlangoni, nitatoka nimfuate, hata kama nikifika hapo sitakuwa na la kumwambia.

Jana nilikwenda makaburini. Niliona haya kumwomba Salim anionyeshe kaburi lako, nikaenda mwenyewe, nikakusomea kurasa zote tatu kwa sauti. Mlinzi alingoja nimalize, kisha akaniambia lile ni kaburi la mama mmoja wa Masara.