Jikoni kwa Mama Limi

Evelina pokea simu basi! Haya, naandika.

Leo wale watafiti wa zebaki wamefika hapa kwetu. Wamemkalisha Ngassa barazani, wanamuuliza anavyochoma dhahabu yake kuitoa hiyo zebaki. Mimi niko ndani namenya viazi, namsikia mume wangu neno kwa neno.

Weee, kawa malaika! Eti zebaki haigusi bila glovu. Glovu gani? Eti nyumbani hachomi kabisa, anaogopa moshi utamdhuru mtoto.

Hapo nikaacha kumenya. Kweli hapa kwangu hachomi. Sasa anachomea wapi?

Na yule dada mtafiti kauliza hivyohivyo! Ngassa kajibu bila hata kumeza mate, "Jikoni kwa mama Limi. Ila namtoa kwanza nje na mtoto."

Mama Limi, Evelina. MAMA LIMI.

Dada wa watu kaandika tu. Wakati wa kuaga kanishika mkono, anatabasamu, "Asante sana mama Limi, baba anawajali."

Ngassa kainama anafunga kamba za viatu. Amevaa kandambili!

Mimi nimezaa mmoja tu, Festo, na ubatizo wake umeusimamia wewe.