Dawa Iliyotupwa Lualaba

Salumu mjukuu wangu,

Huku Kasongo tuko wazima. Mama yako amevuna karanga, na babu yako bado anagombana na mbuzi za jirani.

Unauliza: kwa kuwa kifafa hakijakuangusha tangu mwaka jana, unaweza kuacha vidonge? Wewe na haraka zako! Mimi si munganga. Nitakuambia tu habari ya dada yangu Zaina.

Tulipokuwa wasichana kule Nyangwe, dawa ya mufumu, yule wa mizizi na majani, ilikuwa na mwisho. Mugonjwa akipona, anapelekwa mtoni, anatupa dawa iliyobaki na kuondoka bila kugeuka, ili ugonjwa usimufuate. Zaina naye alikuwa na kifafa; alimeza vidonge vya dispansari, akaacha kuanguka. Mama akafurahi, akamupeleka mtoni Lualaba, wakatupa vidonge vyote. Hawakugeuka.

Kifafa kikarudi hata mihogo tuliyoanika haijakauka.

Munganga wa dispansari hakumugombeza mama. Alisema, "Mama, dawa hii haifukuzi kifafa, inakikalia tu. Ikiinuka, nacho kinainuka. Siku ya kuacha ikifika, tutapunguza pamoja, polepole."

Basi vidonge vikikuletea usingizi, umwambie munganga wako. Viko vya aina nyingi, anaweza kukubadilishia. Umuulize pia kama siku ya kupunguza itakuja. Usijiamulie peke yako.

Zaina sasa ni bibi kama mimi. Juzi amevuka Lualaba kwenda arusini, vidonge vyake amevifunga kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

Ni mimi bibi yako,
Asha