Mama Anakuja kwa Ndege

Jumanne, 5 Agosti
Dukani Misiera, hapa kambini Nakivale, tangu asubuhi. Mashine inakula uzi kama mbuzi. Mikono ya gauni langu la harusi bado inabana. Kisha kaka yangu Bahati akapiga kutoka Nairobi, anakokaa na Mama: amemkatia tiketi ya ndege ya Ijumaa! Goti lake haliwezi safari yote ya basi. Nilipiga kelele, jirani yangu Mrundi akaja mbio kuuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Mama anakuja harusini Jumamosi. Sijamwona tangu tulipopotezana tukikimbia vita kwetu Fizi.

Jumatano, 6 Agosti
Mchumba wangu Dieudonné ameangalia kwenye simu. Nairobi hadi Entebbe, kilomita mia tano na kitu. Saa moja na dakika chache angani! Mvua ikinyesha, mimi kufika Mbarara tu ni zaidi ya hapo. Mama anadhani Ijumaa atakula kwangu mchana. Nikamweleza: baada ya ndege kuna Kampala na foleni yake, kisha Masaka, kisha Mbarara, kisha vumbi letu. Akauliza, "Sasa mbona avio isishukie kwako?" Ndege kwake bado ni avio. Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 8 Agosti
Sina raha. Ukungu Nairobi, ndege ikachelewa. Rafiki wa Bahati alimpokea Entebbe, akampandisha basi la Mbarara. Toka hapo kimya. Simu yake haipatikani. Dieudonné, ingawa hamjui kwa sura, alikwenda kumngoja stendi Mbarara. Jioni amepiga: basi limefika, ameita jina lake, Mama hayumo. Atalala mjini, amtafute tena asubuhi. Harusi ni saa nne, na mchungaji ana nyingine baadaye. Sasa sina mama wala bwana harusi. Nimemkasirikia kila mtu, hata ndege.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeolewa!
Saa tatu nilikuwa Base Camp, magari yanaposimama hapa kambini, na gauni langu, natazama kila gari. Teksi ya Mbarara, basi dogo limejaa watu, ikasimama. Akashuka Mama. Nyuma yake Dieudonné, amembebea mzigo, anacheka hawezi kusema.
Kumbe kwenye basi Mama alikaa na mke wa askari, mama wa Makenke anayejua Kiswahili. Alimwambia giza linaingia, magari ya Nakivale hayapo tena. Wakashuka Makenke, kabla ya mjini, akamlaza kwake, na asubuhi akampeleka mjini kwenye teksi ya Nakivale. Simu ya Mama ilikuwa imeisha chaji, na namba zetu zote zimo humo. Ndani ya teksi Mama akawahubiria abiria wote: "Naenda ku harusi ya mutoto yangu. Lakini huyo mukwe, simujue hata sura!"
Kijana aliyebanana naye akauliza, "Mama, mutoto yako ni nani?"
Akanitaja jina. Kijana akasema, "Basi mukwe ni miye."
Teksi nzima ikapiga makofi. Nilimshika Mama, sikutaka kumwachia. Mchungaji akatuita mara mbili.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi tulivu. Dieudonné anachemsha chai. Mama amekaa mlangoni, ananifumua nywele za harusi polepole. Anauliza majina ya majirani. Ya vita hatujayagusa. Anasema kichwa changu kimekuwa kikubwa tangu anisuke mara ya mwisho.
Nimefumba macho.