Bibi wa Dirishani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Hombolo tumevuna zabibu, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Umeuliza umfanyeje mwanafunzi wako wa Kiswahili asiyefungua kinywa.

Nilipokuwa nikiwafundisha Kiswahili akina mama wa Kigogo, kila nikiingia darasani niliwaamkia, "Shikamooni!" Wote waliitikia, isipokuwa bibi mmoja wa dirishani, aliyenitazama tu mwaka mzima. Akafariki.

Tuliporudi darasani kutoka matangani niliwaamkia kama kawaida. Wakaitikia, nami nikabaki nikitazama dirishani. Ndipo kwenye kigoda chake kitupu ikatoka sauti, polepole: "Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyeshtuka. Jirani yake alisogeza tu miguu, kama anayempisha mtu.

Basi wako usimlazimishe. Msalimie, halafu ngoja kidogo. Ngoja angali hai.

Bibi yako